Nimeambiwa utafiti wangu ni stori tu, nibadilishe jina?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi huku mkoa wa Lindi, nasoma masta kwa kwenda na kurudi. Nataka kufanya utafiti kuhusu wanaume wenye mabusha, kwa nini wanakaa nayo miaka na miaka wakati upasuaji upo. Kwenye proposo nimeandika nitatumia kwalitativu diskripsheni, nihoji wanaume 15. Siku ya kuitetea mmoja akaniambia hiyo ni stori tu, nadharia iko wapi, kwa nini usifanye fenomenolojia. Mwingine akasema 15 ni wachache, chukua dodoso uhoji 200. Mwenzangu wa darasani ananishauri nibadilishe jina tu niandike fenomenolojia ili nipite. Halafu baadhi ya wazee huku wanachanganya Kiswahili na Kimwera, mimi mwenyewe ni mwanamke, na wengine nimeshawahudumia pale kituoni. Nifanyeje? Nimepanga kukusanya data Oktoba."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na naona humo ndani kuna maswali kama matano yamebebana mgongoni, ila linalokunyima usingizi ni moja tu, kwamba hii kazi yako ni utafiti kweli au ni maneno ya barazani yaliyopigwa chapa. Ni utafiti. Na jina usibadilishe, nitakwambia kwa nini.

Hii njia ya kwalitativu diskripsheni, yaani kueleza jambo lilivyo kwa kukaa karibu na maneno ya wahojiwa wenyewe, haikuzuliwa na mwanafunzi mvivu. Aliyeisimamia mpaka ikapata heshima ni Margarete Sandelowski, muuguzi kama wewe, alikuwa anafundisha University of North Carolina huko Marekani, na makala yake ya mwaka 2000 ndiyo watu wanayoirudia mpaka leo. Alichokiona ni kwamba watafiti wengi wa afya wanafanya kazi nzuri tu ya kueleza jambo lilivyo, halafu ikifika kuandika wanaona haya kuiita kwa jina lake, wanaazima majina makubwa makubwa, fenomenolojia (kuchimba mtu anavyouishi uzoefu fulani), graundedi thiori (kujenga nadharia kutokana na data), ethnografia (kukaa na watu ukichunguza utamaduni wao), wakati ukifungua ndani hamna hata harufu ya hayo. Yaani hicho anachokushauri mwenzako ndicho hasa kilichomfanya yule mama ashike kalamu. Na mtahini anayeijua fenomenolojia atakukamata dakika ya tano, atakuuliza kati ya wanafalsafa wake unamfuata nani, Husserl au Heidegger, na huo uzoefu wa kuishi na busha umeuchimbaje, na wewe ukurasa mzima umejaza "nauli sikuwa nayo" na "nilikuwa naogopa kisu". Hapo utatafuta pa kuweka uso.

Chukua busha hilohilo uone swali linavyochagua njia. Ukiuliza kuishi na busha miaka kumi kunamfanya mwanaume ajioneje, mwili wake umekuwa nini kwake, anatembeaje mbele za watu, hapo unaingia fenomenolojia na inabidi ukae na mtu mmoja masaa, hata urudi mara mbili tatu. Ukiuliza anapitia hatua gani mpaka anakubali kukatwa, nini kinamtoa hatua hii kumpeleka ile, na unataka mwisho utoke na nadharia yako, hiyo graundedi thiori, unahoji, unachambua, unarudi tena kuhoji kutokana na ulichokipata. Ukitaka asilimia ngapi ya wanaume wa wilaya wanalijua hilo kuwa linatibika, chukua dodoso na umtafute mtu wa takwimu mapema, usimfuate data zikishaharibika. Wewe umeuliza wanaume wenyewe wanasema nini, nani aliwaambia nini, walienda wapi kwanza, nini kiliwazuia, nini kingewasaidia. Unataka jibu ambalo mganga mkuu wa wilaya akilisoma Jumatatu, Jumanne ana kitu cha kubadilisha. Kwa swali hilo diskripsheni inatosha, na fenomenolojia ingekupeleka kusiko.

Sasa hilo neno stori. Watu wanafikiri kueleza maana yake ni kunakili walichosema wahojiwa ukabandika. Hapana, uchambuzi upo, ila ni uchambuzi unaokaa jirani na maneno ya mtu, hauruki mbali. Ngoja nikutungie mfano. Mzee anakwambia: "Mi nilisema ngoja korosho ziishe kwanza, maana nikilazwa saa hii nani ataokota? Na hela ya nauli yenyewe inatoka humohumo kwenye korosho. Basi msimu ukaisha, hela ikaingia kwenye harusi ya binti, nikasema mwakani."

Mtu mwenye haraka anaandika pembeni "kutojali afya". Mwingine aliyesoma sana anaandika "mfumo dume". Wote wawili wameshamwacha mzee nyuma, hamna mahali kasema hajali, wala hajazungumzia madaraka ya mume nyumbani. Wewe unaandika "kungoja korosho ziishe", "hana wa kuokota akilazwa", "nauli inategemea korosho", "hela imepata kazi nyingine kabla ya upasuaji". Hivyo vijina vifupi vya pembeni ndivyo tunaviita kodi. Halafu ukizipanga hizo kodi nne pamoja unaona kitu ambacho mzee hakukitaja kwa mkupuo lakini kimelala humo, kwamba korosho ndiyo inayompa uwezo na ndiyo inayomfunga. Msimu ukiwepo ana hela hana muda, msimu ukipita muda anao hela imeshaondoka. Ukilikuta hilo tena kwa mwingine wa Ruangwa, na kwa mwingine wa Nachingwea, na halafu mvuvi wa Kilwa hana kabisa tatizo hilo ila ana lake, umeshapata matokeo. Mtu wa kupanga kambi ya upasuaji atajua aipange mwezi gani na kwa akina nani.

Ila na mimi nisikudanganye, kuna wakati lawama ya stori tu ni ya haki. Nimesahihisha kazi nyingi ambazo mtu kaweka themu tatu, yaani mada kuu za matokeo, sababu za kiuchumi, sababu za kijamii, sababu za kiafya, chini ya kila moja kamwaga nukuu robo ukurasa, basi, kamaliza. Hayo ni makabati, angeweza kuyachonga kabla hajapanda basi kuja huku. Sandelowski mwenyewe mwaka 2010 aliandika tena kuwakumbusha watu kwamba kukaa karibu na data hakumaanishi hutafsiri chochote. Kipimo changu mimi ni rahisi: soma majina ya themu zako peke yake, bila nukuu. Kama zingeweza kuwa za ugonjwa wowote mkoa wowote, rudi mezani.

Nadharia iko wapi? Haulazimiki kuwa nayo, hii njia inataka uliangalie jambo lilivyo mahali pake, na hilo uliseme wazi kwenye proposo bila kuomba radhi. Lakini vyuo vyetu tunavijua, wengine bila fremu ya nadharia hawalali. Kama ni lazima, chukua ile ya ucheleweshaji watatu ya Thaddeus na Maine ya 1994, kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kupata huduma. Ilitengenezwa kwa ajili ya vifo vya kina mama wakati wa uzazi, hivyo sema umeiazima, itumie kukusaidia kutunga mwongozo wa maswali, halafu ukianza kuchambua iweke pembeni kidogo. Maana busha la miaka kumi na mbili ni kitu kingine, kuna watu hawajachelewa kuamua, wameamua kabisa kwamba hawakatwi.

Tuje kwenye 15 na 200. Yule wa 200 anafikiria kwa akili ya takwimu, kwamba wengi ndiyo wanaleta ukweli, na kwa swali la asilimia yuko sahihi kabisa. Kwako haiko hivyo. Wewe unatafuta aina za sababu, haujapanga kuzihesabu. Kuna utafiti wa Guest na wenzake wa 2006 uliorudia kuangalia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakakuta mengi ya msingi yalishatokea kwenye mahojiano 12 ya mwanzo. Watu wanaupenda sana, wanautaja kama ngao, ila wanasahau kusema kwamba wale wanawake walikuwa wanafanana kwa mengi na walikuwa wanaulizwa maswali yaleyale. Wahojiwa wako wakitofautiana sana 12 haitafika popote. Kwa hiyo usiandike "15" kama amri, andika kati ya 15 na 20, na useme utasimama pale mahojiano matatu mfululizo hayaleti kitu kipya kwenye swali lako. Na ukisema data zimeshiba, yaani hakuna jipya tena, uonyeshe zilishibaje, sio kuandika neno tu kwa sababu limezoeleka.

Muhimu kuliko idadi ni nani unamchagua. Usichukue 15 waliokuja wenyewe kliniki, hao tayari wameshashinda kikwazo unachokitafuta. Changanya kwa makusudi: aliyekwisha kupasuliwa, aliyeandikishwa akakimbia, aliyekataa kabisa, aliyeanza kwa mganga wa kienyeji, kijana wa miaka 30, mzee wa 70, wa pwani na wa bara, mwenye mke na aliyeachwa. Na wake zao wawili watatu kama kibali chako kinaruhusu, utashangaa. Utakutana na wanaosema linatokana na madafu na wengine watasema kuna mtu kawatupia. Usianze somo la mbu katikati ya mahojiano! Wewe unajua kwamba kwa ukanda wetu mengi yanatokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na kwamba dawa za kumeza kwa ajili ya matende haziliondoi busha lililokwishajaa, upasuaji ndio dawa yake. Hayo yaweke mfukoni mpaka umezima rekoda, halafu kaa naye umweleze vizuri, hiyo ni haki yake.

Kuhusu uanamke na uuguzi wako hapo ndipo naomba utulie zaidi. Kazi yangu ya kwanza kabisa ya namna hii niliifanya kwenye kituo kimoja cha afya, nikahoji watu tisa ndani ya chumba cha kliniki, koti jeupe mwilini, foleni inasikika nje. Wote tisa wakaniambia huduma ni nzuri sana. Nikarudi nyumbani nafurahi data zimeshiba mapema. Wiki mbili baadaye nimekaa kwa muuza kahawa, mmoja wao ananisimulia yaliyompata palepale kituoni bila hata kumuuliza, na hamna hata sentensi moja iliyofanana na aliyoniambia kwenye rekoda. Yale mahojiano tisa niliyaweka kando yote. Alikuwa ananijibu mimi mwenye sindano, angenijibu nini kingine?

Kwa hiyo uliowahudumia wewe mwenyewe usiwahoji wewe. Tafuta msaidizi mwanaume, mtu mzima kidogo, asiwe mtumishi wa kituo hicho na asiwe mtoto wa kijiji hicho, umfundishe siku tatu nne, mjaribu kwanza mahojiano mawili msikilize pamoja mnasimamisha rekoda mnajadili, hapa ungemwacha aendelee, hapa ungeuliza "ikawaje". Wengine ambao hawakujui uwajaribu mwenyewe, kuna wazee wanaongea na nesi mwanamke kwa uhuru kuliko na kijana wa kiume atakayewacheka, huwezi kujua mpaka ujaribu, na tofauti utakayoiona uiandike. Sare uache nyumbani. Mahali achague yeye, chini ya mkorosho wake sawa, ila wajukuu wasiwe wanazunguka. Na kwenye ripoti usiandike "mzee wa miaka 61 fundi baiskeli wa kijiji fulani", huku kwetu hiyo ni sawa na kutaja jina na picha juu, kijiji kizima kitajua nani ana nini.

Lugha. Hapa watu wengi wanapoteza nusu ya data bila kujua. Wanahoji kwa Kiswahili, mtu anawaandikia kwa Kiingereza mojamoja kutoka kwenye rekoda, wanachambua Kiingereza. Usifanye hivyo. Andika maneno kwa lugha iliyosemwa, chambua kwa Kiswahili, tafsiri mwishoni zile nukuu tu zitakazoingia kwenye ripoti. Mzee mmoja akisema "niliona haya kumvulia nesi" na mwingine akisema "ilikuwa aibu", ukivipeleka Kiingereza vyote vinatoka neno moja, kumbe huyu wa haya anakwambia habari ya heshima na staha, kwamba mtu wa rika lake hajivulii mbele ya binti, dawa yake ni mhudumu mwanaume na pazia. Yule wa aibu anakwambia watu walimcheka sokoni. Ni vitu viwili. Hivyohivyo akisema "mshipa" usikimbilie kuandika busha, kuna wanaoita mshipa wakimaanisha ngiri, muulize anamaanisha nini, na kama anasema "mzigo wangu" acha ubaki mzigo. Wale wa Kimwera mtafute mtu anayekijua asikilize rekoda tena baada ya aliyeandika, na neno lisilo na mwenzake kwa Kiswahili liache hivyohivyo uweke maelezo pembeni.

Uthibitisho wa kazi nitapita haraka maana vitabuni yapo: uwe na daftari la maamuzi, kila ulipobadilisha kodi andika tarehe na sababu, mtu wa pili aweke kodi kwenye mahojiano matatu manne bila kuona za kwako kisha mbishane, na mtafute yule mhojiwa mmoja anayepingana na wote usimfiche. Ile orodha ya COREQ ya 2007, ya mambo ya kuripoti kwenye utafiti wa mahojiano, yenye vipengele 32, isome sasa kabla hujaenda kukusanya data, wengi wanaifungua siku ya kuandika makala wanakuta nusu ya vinavyoulizwa hawakuvifanya. Vibali nadhani unavijua, cha maadili kutoka chuoni au NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, halafu barua za mkoa, wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Usiruke kwa mtendaji.

Na hiyo Oktoba. Mdogo wangu, Oktoba watu wako chini ya mikorosho toka alfajiri, watakaokuwa na nafasi ya kukaa na wewe saa nzima ni wale wasio na shamba au wasiojiweza, hivyo sampo yako itakuwa imejichagua yenyewe na ile habari yote ya msimu utaikosa au utaipata kwa upande mmoja. Kama chuo kinakubali sogeza mpaka Februari, au anza na wavuvi wa pwani Oktoba, nao wana bamvua na maji mafu yao, uliza wenyewe siku gani hawaingii baharini. Kama tarehe haisogei nenda jioni na uandike wazi kilichotokea.

Kuna mambo hayamalizwi kwa maandishi haya. Mhojiwa akikwambia lina maumivu makali ya ghafla, limekuwa gumu halirudi, anatapika, simamisha mahojiano hapohapo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa ngiri iliyonasa na hiyo haingoji tisisi. Akikwambia amefikiria kujiua kwa sababu ya kuchekwa, usimuache aondoke peke yake, muunganishe na daktari au mtu wa ustawi wa jamii unayemfahamu kwa jina na namba yake uwe nayo kabla hujaanza. Na kwa upande wako wewe, kama supavaiza bado ameshikilia fenomenolojia, usibishane naye kwa meseji. Nenda na karatasi moja yenye swali lako juu na zile njia nne chini, diskripsheni, fenomenolojia, graundedi thiori na dodoso, umuombe akuonyeshe ni ipi inalijibu.

Ukishamaliza mahojiano mawili ya mwanzo, usiendelee na la tatu. Yaandike yote neno kwa neno, weka kodi, halafu niletee hayo mawili tu tukae nayo asubuhi moja, nipo Mtwara mjini siku nyingi za wiki, na uje na rekoda yenyewe maana nataka kusikia pale wanaponyamaza.